Kamati ya Tezi Yangu

Ruring'u, Nyeri

Kaka Nyambu,

Nakuamkia kwanza, kama mdogo anavyopaswa, kisha nakuomba utafute mahali pa kukaa, na pasiwe barazani. Barua hii nimeifunga kwa gundi ninayobandikia sponji za makochi. Ukiona imefunguliwa kabla haijakufikia, jua aliyeifungua alitumia kisu, na umuulize vizuri yule uliyemtuma stendi kuichukua. Ningekupigia simu, lakini simu yako husikika mpaka kwa jirani, na meseji zako husomwa na mjukuu. Haya ninayokuandikia hayafai kusomwa kwa sauti na mtoto aliyetoka kufanya hesabu.

Mguu wako unaendeleaje? Na shemeji, dawa ya presha anakunywa kila siku, au bado anakunywa siku anazojisikia tu? Nimesikia ndovu walipita tena kwenye mahindi yenu, na safari hii wakaliangusha tangi la maji. Poleni sana. Huku wanyama wamezuiliwa msituni kwa ua wa umeme, kwa hiyo uharibifu wote tunaufanya sisi wenyewe.

Mimi ni mzima wa kuandika. Uzima mwingine ndio habari yenyewe. Kaka, nina saratani ya tezi dume, ile tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, ambayo mwanamume huishi nayo bila kujua jina lake mpaka siku inapoanza kumsumbua. Daktari anasema haijatoka nje ya tezi, na ndiyo maana wanataka kuing'oa yote sasa. Si ya kuniua kesho, wala si ya kuiacha. Nimekuambia mapema ili usiruke kurasa ukitafuta. Sasa soma taratibu.

Nilikuwa nikiamka kila usiku kwenda haja ndogo nikilaumu baridi. Hapa mtu akipata lolote, kuanzia goti mpaka ndoa, analaumu baridi ya mlima, na mlima hauwezi kujitetea. Nyambura, mke wangu, ndiye aliyechoka kunisikia nikigonga kiti gizani. Akanipeleka hospitali hapa mjini kama mtu anayepeleka redio kwa fundi: amenishika mkono, anaeleza yeye, mimi nimenyamaza.

Tulimpata daktari wa kike, umri wa binti yetu Wakesho. Kipimo cha damu nilikivumilia. Kipimo cha kidole sitakueleza. Nitasema tu kwamba nilielekea ukutani, na ukutani kulikuwa na kalenda ya chakula cha mifugo, na mpaka leo nikiona picha ya ng'ombe wa maziwa nageuza uso. Baadaye nikachomwa sindano za kutoa vipande vya tezi, na njia waliyopitia ni ileile ya kidole. Nilikojoa damu siku kadhaa. Nikawa nikitazama kwenye choo na kujiambia kwamba mtu akifika umri wangu, mwili haumwombi ruhusa tena.

Majibu yalipokuja, yule binti alituketisha akatueleza bila kutuficha. Naweza kupigwa mionzi. Naweza kupasuliwa kwa mkono, kwa njia ya siku zote. Au naweza kwenda Nairobi nikapasuliwa kwa roboti, yaani mashine yenye mikono inayoongozwa na daktari akiwa ameketi pembeni, inayoingia tumboni kwa matundu madogo. Kwa njia hiyo damu haimwagiki sana na mtu hutoka hospitali mapema. Halafu akatuambia kinachoweza kupotea. Mkojo unaweza kuwa unajitokea wenyewe kwa miezi, na kwa wengine hauachi. Na nguvu za kiume zinaweza kwenda, kwa sababu mishipa yake ya fahamu imelala ubavuni mwa tezi, myembamba kama uzi ndani ya pindo. Ukikata pindo vibaya, uzi umekwenda. Nyambura alisikiliza mkoba ukiwa mapajani, akauliza kama tunaweza kufikiria kwanza. Binti akasema tufikirie, ila tusifikirie mpaka mwaka uishe.

Hapo mambo yalikuwa bado ya watu wawili. Kosa langu, Kaka, lilikuwa kulitamka neno roboti mbele ya Muriithi.

Muriithi ni kaka yake Nyambura, mwenye kinu cha mpunga kule Mwea. Ni mtu mwema, na anaipenda mashine yoyote kuliko anavyompenda mtu yeyote. Nilipomwambia nina saratani, alinishika bega, na nikaona machozi. Nilipomwambia kuna roboti, machozi yakakauka. Akaniuliza ni ya kampuni gani.

Na huku mtu haugui peke yake. Mtu akioa kuna kamati, akifiwa kuna kamati, mtoto akienda chuo kuna kamati, na kila kamati ina mwenyekiti, katibu, na mtu wa kuomba kabla ya chai. Nimeishi nao miaka mingi na nakiri utaratibu huo umenifaa. Bila wao nisingekuwa na kibanda cha kushonea. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba ungekuja kufika chini ya kibofu changu. Kabla ya wiki kwisha kulikuwa na kundi la WhatsApp lenye picha yangu ya harusi, na chini yake maneno "Matibabu ya Baba Wakesho". Mwenyekiti Muriithi. Mshauri wa kiufundi, Kelvin.

Kelvin ndiye mume wa Wakesho. Uliwahi kumwona wakati wa mahari, yule kijana aliyevaa viatu bila soksi. Kazi yake ni kuuza vifaa vya hospitali Nairobi. Kumbe kampuni yake inauza aina mojawapo ya roboti hizo, na Muriithi naye alikuwa amekwisha kuipenda aina nyingine aliyoiona kwenye simu. Kwa hiyo kamati ilizaliwa ikiwa na pande mbili, na kila upande ulikuwa na mashine. Aliyekosa upande ni mimi.

Kikao kilifanyika kwa mama mkwe, hapa hapa Ruring'u, sebuleni, kwenye makochi niliyoyashona kwa mikono yangu. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi, jambo ambalo nimewakataza mara nyingi. Mzee wa kanisa alifungua kwa sala. Aliomba kwa adabu kubwa, akataja "kile kiungo unachokijua wewe Bwana," na wote wakasema amina wakinitazama chini ya mkanda. Mimi nilipewa kazi ya kushikilia ngazi wakati Kelvin anapigilia shuka jeupe ukutani. Alikuwa amekuja na projekta.

Kaka, unajua sisi tulivyolelewa. Mkwe akimwona mama mkwe njiani, anapisha. Huku pia ni hivyo hivyo, na kwa wazee ni zaidi: kuna maneno ambayo mkwe hayatamki nyumbani kwa wakwe hata kama nyumba inaungua. Sasa fikiria mkwe wangu amesimama mbele ya mke wangu, na mbele ya mama yake mke wangu ambaye wajukuu wote wanamwita shosho, anaonyesha kwenye shuka la kitanda jinsi mwanamume anavyotolewa tezi.

Ilikuwa video ya upasuaji wa kweli. Tumbo limejazwa hewa kama tairi. Vyuma vyembamba vinaingia, na mwisho wa kila chuma kuna kiganja kidogo kinachojipinda kuliko kiganja cha mtu. Kinashika, kinachoma, moshi unatoka, kinavuta nyama kando. Kila kitu ni kikubwa ukutani, chenye kulowa na kung'aa. Sahani za maini na chapati zilikuwa zimeshagawiwa. Shosho akauliza kama hiyo ni ya kwangu. Kelvin akamwambia hapana, ni ya mzungu mmoja. Shosho akatazama zaidi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba inafanana sana na ya mbuzi. Waliokuwa wanakula wakatua vijiko. Muriithi aliendelea na maini yake.

Kisha ukaja ushindani wenyewe, nami nitakueleza kwa haki kwa sababu mashine zenyewe hazina makosa.

Ya Muriithi ina shina moja linalosimama karibu na kitanda, na mikono yake minne inatoka hapo kama matawi. Daktari anakaa mbali kidogo, anaingiza uso ndani ya sanduku anaona kila kitu kwa kina, vidole viko kwenye vishikio, miguu iko kwenye pedali. Pedali, kama za cherehani yangu, ziliniingia moyoni, sikufichi. Ya Kelvin haina shina. Kila mkono una kigari chake, unaupeleka unapotaka, mmoja huku, mwingine kule, na daktari anakaa wazi mbele ya skrini akiwa amevaa miwani maalumu, anawaona wenzake na kuongea nao. Zote mbili zikimaliza kuitoa tezi hushona kibofu kirudi kuungana na njia ya mkojo, ndani kabisa ya shimo, kwa sindano iliyopinda. Mimi hushona ngozi ngumu kwa sindano ya namna hiyo, na hapo nilisahau kwamba nachukizwa, nikasogea karibu na shuka. Kisha nikakumbuka ni nani atakayeshonwa, nikarudi kwenye kiti changu.

Muriithi alisimama kama anayenunua trekta. Alisema, "Hii yangu imekaa soko miaka mingi. Spea ziko. Fundi wapo. Hiyo ya Kelvin ikikwama na mzee ako wazi, mtapigia nani?"

Kelvin akamjibu kwa heshima ya juujuu. "Uncle, hiyo yako ni ya kitambo. Daktari anaficha kichwa ndani ka mtu anachungulia mzinga ya nyuki. Hii ni ya kisasa, kila mkono inajitegemea."

"Ndiyo shida yake. Mikono nne, kila moja na nyumba yake. Nani mkubwa?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na kikao kikawa mnada. Mmoja akataka kujua ipi inatumia umeme mdogo. Mwingine akauliza stima ikipotea, maana stima ya Nyeri tunaijua. Mwalimu mmoja mstaafu, rafiki wa Muriithi, akataka kujua mashine imetoka nchi gani, akatoa maoni yake kuhusu nchi hiyo na barabara walizotujengea. Niliinua mkono. Mwenyekiti akasema mgonjwa apumzike, atapewa nafasi mwisho. Nilitaka tu kuuliza nani atakayekaa kwenye hicho kiti chenye pedali, ana jina gani, na ameshona wangapi. Katika mchana mzima, Kaka, hakuna aliyetaja jina la daktari hata mmoja. Walizungumza kana kwamba ile mashine ingetoka stoo yenyewe, ikanawa mikono yake minne, ikaja.

Halafu Kelvin, akiona anashindwa, alifanya jambo ambalo nikilikumbuka natema mate. Alibadilisha picha. Ukutani ukaja mchoro wa rangi, na juu yake maneno makubwa kuhusu nguvu za kiume baada ya upasuaji. Akaelekeza kijiti na kusema kwamba kwa mashine yake, mambo ya Baba chumbani yatarudi haraka, na Mama ataona tofauti.

Wakesho aliinuka akaenda jikoni akiwa ameshika mdomo. Mzee wa kanisa akaanza kusoma kibandiko cha soda yake. Shosho alivuta leso akajifunika uso, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo limefika mahali pabaya, kwa sababu shosho ameona vita na njaa bila kujifunika.

Nyambura akasimama. Si mtu wa kelele, unamjua. "Zima hiyo kitu," alisema.

Kelvin akazima.

"Kelvin, wewe ni mtoto wangu. Nimekupakulia chakula na hii mkono. Leo unaniambia maneno ya kitanda yangu mbele ya mama yangu."

Muriithi akajaribu kuokoa kikao. "Nyambura, keti kidogo. Tuko kwa ajenda."

"Ajenda ni bwanangu," alisema. "Mkimaliza kupiga kura mtaenda kwenu. Ni nani hapa atalala na yeye akilowesha kitanda? Wewe, Muriithi? Ama ni mashine?"

Akachukua mkoba, akanishika mkono kama siku ile ya hospitali, tukatoka. Tulipita kando ya uwanja wa michezo. Alikuwa anatembea mbele, na kila nikimfikia anaongeza mwendo. Nilijua analia, naye alijua najua, basi nikabaki nyuma pale pale nilipowekwa. Tulipofika langoni akageuka akasema tutakwenda Nairobi sisi wawili, na atakayeuliza aambiwe tumeenda kununua vitambaa.

Kura walipiga hata hivyo. Tulisoma kwenye kundi jioni hiyo: mashine ya Muriithi imeshinda. Baadaye niliambiwa kwamba shosho aliinua mkono mara zote mbili ili asimkasirishe mtu.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda ndiyo yenye mashine hiyo ya shina moja. Jina silitaji, halitakusaidia. Tulipokewa na msichana aliyevaa suti ya bluu na tabasamu lisiloisha betri. Alitupa kalamu na kikombe chenye picha ya roboti, akatupeleka kuitazama. Ilikuwa imesimama chumbani imefunikwa nailoni, kama makochi ya wale wateja wangu wanaokataa kuondoa plastiki mpaka wageni wakubwa waje. Nikamwuliza daktari anayeitumia ni nani. Akasema wana timu ya wataalamu. Nikamwuliza kiongozi wa timu. Akasema timu inaongozwa na ubora. Nyambura akamwuliza kama watu wa timu hiyo wana majina ya kubatizwa, na msichana akacheka akidhani ni mzaha, kisha akatuomba tusimame kando ya mashine atupige picha ya ukurasa wao. Mimi, mgonjwa wa saratani, niwekwe picha na chuma kitakachonipasua, nikiwa nimeshika kikombe. Nilikiacha kikombe dirishani. Kalamu ndiyo hii ninayoandikia, inaandika vizuri.

Siku ya pili tukaenda hospitali yenye mashine ya vigari, ile ya Kelvin, tukiwa hatuna tena hamu. Huko hatukupewa kikombe. Tulimkuta daktari mwenyewe, mtu mnene, anakula njugu kutoka kwenye karatasi huku anasoma majibu yangu. Alitukaribisha njugu. Alisoma mpaka mwisho, akaniuliza baba yangu aliuawa na nini.

Nikamwambia ugonjwa wa mkojo. Unakumbuka, Kaka. Mwisho alikuwa hawezi kukojoa mpaka anashika nguzo ya nyumba, mgongo unamuuma hata shuka likimgusa, na sisi sote tukalaumu maji ya chumvi ya kile kisima. Daktari akaandika. Kisha akauliza kama nina ndugu wa kiume. Nikasema ninaye kaka mmoja, mkubwa wangu, yuko Voi, ana nguvu za kufukuza ndovu.

"Amepimwa?" aliuliza.

Nikasema sijui. Akaandika hilo pia.

Ndipo nikamwuliza swali ambalo kamati ilikuwa imeninyima. Nilimwambia tumeziona mashine mbili, kwamba hii ya vigari inauzwa na mkwe wetu, na nyumbani zimekaribia kutuvunjia ukoo, basi aniambie kweli: ipi? Alitafuna, akafuta mikono. Akasema zote zitaitoa tezi. Tofauti zake ni kubwa kwa anayeuza, na ni ndogo kwa anayelala kitandani. Nikamwuliza, angekuwa yeye?

"Ningetafuta mtu amefanya nyingi," alisema. "Halafu ningelala chini ya mashine yoyote yeye amezoea. Hata kama ni mkono tu."

Nyambura akamwuliza kama yeye amefanya nyingi. Yule bwana alizungusha njugu moja mezani kwa kidole, na hapo nilimwona mtu mwaminifu akipambana na mkataba wake wa kazi. Akasema kwa hii mpya ya vigari, bado anajifunza. Ile ya shina ameitumia zaidi, lakini hana mazoea nayo kama mwalimu wake aliyemfundisha. Tukamwuliza mwalimu huyo yuko wapi. Akataja hospitali ile tuliyotoka jana. Nyambura alicheka, Kaka, mara ya kwanza tangu majibu yatoke, akacheka mpaka njugu zikamwagika. Daktari alituomba tusimwambie mkwe wetu.

Alipokuwa anatusindikiza alinikumbusha kwamba hata mikononi mwa mwalimu, hakuna ahadi. Nitavaa nepi kwa muda, pengine mrefu. Nyambura akamwambia, "Nimevalisha watoto watatu. Huyu angalau hatakimbia." Nikawaacha wazungumze, nikaenda kutazama magari.

Basi tulirudi hospitali ya kwanza, tukampita yule msichana wa suti, tukamtafuta mwalimu kwa jina. Ni mzee mfupi mwenye sauti ya chini, ofisi yake iko nyuma ya chumba cha kufulia nguo za hospitali. Hakuna bango lolote lenye uso wake. Alitueleza kazi yake, na bila kuulizwa akatueleza pia wale ambao hakuwafanikisha, wanaotembea na nepi mpaka leo, na kwamba huwa wanampigia na huwa anapokea. Nilimwamini hapo. Atanifanyia yeye. Bima imekubali, kwa hiyo hilo usiliwaze.

Sasa unaona balaa iliyobaki: mashine anayoitumia mwalimu ni ile ile ya Muriithi. Nilijaribu kueleza nyumbani kwamba tumechagua mtu, si chuma, lakini Mwea nzima inajua kwamba Muriithi alisema. Ananipigia kila asubuhi kuniuliza kama nimejiandaa kisaikolojia kukutana nayo. Kelvin naye ametozwa mbuzi na shosho, wa kuomba radhi kwa maneno aliyoyatamka nyumbani kwake, na atachinjwa Jumapili. Amekuja mara mbili kumwona Nyambura, akisimama langoni na mfuko wa sukari. Mara ya kwanza aliachwa huko huko. Mara ya pili alipelekewa chai langoni. Nadhani mara ya tatu atapewa kiti. Kijana si mbaya. Anauza, na mtu anayeuza kutwa hajui tena saa ya kufunga duka.

Nimekuandikia kwa kuchukizwa, najua, na utasema nimekuwa mchungu kama watu wa baridi. Lakini nimechukizwa kweli. Nimechukizwa na shuka lile, na kikombe kile, na makofi, na mwili wangu mwenyewe unaovuja kabla haujaguswa. Na kuna kingine ambacho Nyambura hajui: naogopa nepi kuliko ninavyoogopa kufa, na hilo nalo linanitia kinyaa, mtu mzima niwe na woga wa bei rahisi namna hiyo. Nikikuambia wewe naona unapungua.

Msalimie sana shemeji, umwambie dawa ni ya kila siku. Msalimie shangazi Mghoi aliyetulea, umwambie naumwa kidogo na usimtajie wapi. Wape salamu wanao wote, na yule jirani yako anayelinda mahindi pamoja nawe. Nyambura anakusalimu kwa heshima. Wakesho pia.

Nimepangiwa Jumanne ya mwisho wa mwezi huu, asubuhi. Nakujua, utataka kufunga safari uje ukae kwenye benchi la hospitali na kofia mapajani. Usije. Kwenye benchi hilo watakuwa Muriithi na Kelvin, wametosha. Asubuhi hiyo hiyo ya Jumanne, wewe vaa shati zuri, nenda hospitali ya Voi, upange foleni, ukifika mbele useme unataka damu yako ipimwe tezi dume, na useme kwa sauti ya kusikika ili wasikupe dawa ya malaria. Wakikuuliza kwa nini, waambie baba yako na mdogo wako. Wakitaka na kile kipimo kingine, kubali, utazame ukutani. Mimi nitakuwa nimelazwa chali huku taa zimewashwa, na kabla hawajanilaza usingizi nitakuwa nawaza kwamba saa hiyo hiyo kaka yangu amekunja mkono wa shati. Usinifanye niwaze uongo.

Mdogo wako,
Mwadime